Mchezo wa Mtoto Nao Hupigiwa Hodi

Katika kijiji cha mwambao wa mashariki ya Unguja ninakofundisha skuli ya maandalizi, bamvua ndilo linalopanga siku za watu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali, mashamba ya mwani yakaonekana, na wanawake wengi wakashuka pwani na magunia yao. Watoto wa miaka 4 na 5 ninaowapokea asubuhi ni watoto wa wanawake hao, na wengi wao wamewahi kubebwa mgongoni mpaka shambani kabla hawajajua kutembea. Kwa hiyo sikushangaa siku nilipowakuta watatu wao nyuma ya darasa, chini ya mkungu, wamechomeka vijiti viwili mchangani na kuvuta kamba nyembamba ya usumba baina yake, huku binti mmoja akifunga vicha vya majani kimoja baada ya kingine. Kabla ya kufunga kicha alitandaza kiganja chake juu ya kamba, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, akatia alama kwa kucha, kisha akafunga. Alikuwa akipima shibiri. Mvulana mmoja alikaa kando yao kimya, na khanga iliyokunjwa mapajani. Nilipomuuliza anafanya nini hakunijibu, ila mwenzake alinijibu kwa niaba yake kwamba huyo ni maji.

Somo langu la siku ile lilikuwa kuhesabu, na niliona nimepata bahati. Nikachuchumaa nikawaambia, "Haya, tuhesabu sote, vicha vingapi hivi?" Wakahesabu kwa ile sauti ya darasani ambayo kila mwalimu wa maandalizi anaijua, tukafika 7. Nikawauliza majani yana rangi gani, wakanijibu. Nikawauliza kamba ni ndefu au fupi. Kufikia swali la tatu binti yule alikuwa amekwisha kung'uta mchanga mikononi na kuelekea kwenye bembea, na mvulana aliyekuwa maji alisimama akairudisha khanga kwenye kapu. Mchezo ambao kwa makisio yangu ulikuwa umedumu karibu nusu saa ulikufa kwa dakika mbili, na aliyeuua ni mimi. Nilipata majibu ambayo mwenyewe nilikuwa nayo tayari, na nikalipoteza swali walilokuwa nalo wao, ambalo nadhani lilikuwa hili: maji yakija, vicha vitabaki kwenye kamba au vitachukuliwa? Mpaka leo sijui mvulana yule alikuwa amekusudia kuifanyia nini ile khanga.

Kwetu mtu haingii nyumba ya mwenziwe bila ya kupiga hodi, hata mlango ukiwa wazi na hata akiwa jirani wa miaka mingi, na hodi ya tatu isipoitikiwa mtu hurudi alikotoka bila kinyongo. Adabu hiyo tunawafundisha watoto wangali wadogo sana. Lakini mchezo wa mtoto tunauingia kwa viatu, tunavunja, tunapanga upya, tunauliza maswali ya mtihani, kisha tunasema tunamsaidia ajifunze. Tangu siku ile nimejizoesha kuuona kila mchezo kuwa ni nyumba yenye wenyewe. Kazi yangu ni kuitengenezea kiwanja, kuhakikisha vifaa vipo, kutazama kwa makini kinachojengwa humo, na nikitaka kuingia nipige hodi na nisubiri karibu yao.

Nieleze mpaka wa maneno yangu, kwa sababu wapo wanaodhani kumwachia mtoto aongoze ni kumwacha tu, mwalimu akae kivulini na simu yake. Hilo ni kosa kubwa. Wapo pia wanaodhani kwamba kila chenye wimbo na makofi ni kujifunza kwa mchezo unaoongozwa na mtoto. Hapa Zanzibar tumekuwa na vituo vya TuTu, yaani Tucheze Tujifunze, ambavyo vipindi vyake huletwa kwa redio, watoto wakaimba, wakaruka na kuhesabu pamoja na sauti wanayoisikia. Naviheshimu sana vituo hivyo, kwani viliwafikia watoto wa vijiji ambavyo havikuwa na skuli ya maandalizi karibu. Hata hivyo mchezo wa redio unaongozwa na mtu mzima: ndiye anayejua wimbo unaanzia wapi na unaishia wapi. Mtoto anahitaji michezo ya namna hiyo, na anahitaji vilevile saa ya siku ambayo yeye ndiye anayejua kitakachofuata.

Mimi sikuyavumbua haya. Katika pwani yetu yana historia ambayo walimu wengi vijana hawaijui. Katikati ya miaka ya 1980, mjini Mombasa, viongozi wa jamii ya Waislamu walitaka watoto wao wapate maandalizi mazuri ya skuli bila ya kupoteza malezi ya dini, na kwa msaada wa shirika la maendeleo la Aga Khan Foundation ukaanza mpango wa skuli za awali zilizofungamana na madrasa. Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, ndiye aliyeutia mpango huo roho yake. Mwaka 1990 ulifika Zanzibar, na mwaka 1993 ukafika Uganda. Walichukua njia ya kufundisha iitwayo HighScope, iliyozaliwa Ypsilanti katika jimbo la Michigan, Marekani, kutokana na mradi wa skuli ya Perry ulioendeshwa na David Weikart na wenzake kuanzia 1962 hadi 1967, ambao watoto wake 123, waliosoma humo na wasiosoma, walifuatiliwa mpaka wakawa watu wazima wa miaka 40. Wakaivisha njia hiyo nguo za pwani: vifaa vikawa vifuu, makombe na makuti, hadithi na nyimbo zikawa za hapa, na dini ikawa ndani ya siku ya mtoto badala ya kuwa somo la pembeni.

Kiini cha njia hiyo ni mambo matatu yanayofuatana kila siku: mtoto anapanga, anatenda, kisha anakumbuka alichokitenda. Asubuhi tunakaa kwenye mkeka, na kila mmoja anasema atakwenda kona gani ya kuchezea na atafanya nini. Mwanzoni wengi hunyoosha kidole tu, na hilo nalikubali, kwa sababu kidole nacho ni mpango. Baada ya wiki chache husikia "nitapika", kisha "nitapika wali wa harusi na yeye atakuwa bwana harusi". Baada ya mchezo tunarudi mkekani na kila mmoja anaeleza, na hapo ndipo sikio la mwalimu linapopata kazi. Mtoto aliyeondoka na "nitafunga" anarudi na "nilifunga", na ambaye mpango wake haukufika anaanza kuhangaika kutafuta neno la jambo ambalo halikutokea. Binti wa shamba la mwani siku moja aliniambia, "Ningelikuwa na kamba ndefu ningelifika mpaka mkunguni." Nimefundisha darasa la kwanza kabla ya kuja maandalizi, na ninajua jinsi watoto wa miaka 7 wanavyohangaika na ningeli- katika daftari. Huyu wa miaka 5 aliifikia mwenyewe, kwa sababu alikuwa na kamba fupi na hamu ndefu.

Basi wiki ya bamvua lililofuata shamba lilifufuka, safari hii kubwa zaidi. Nilikuwa nimeacha vipande vya kamba vya urefu mbalimbali katika kapu bila ya kusema neno. Walipokwisha kufunga nilikaa hatua chache nje ya vijiti, nikapiga hodi. Binti akanitazama kwa muda, akasema, "Karibu, lakini wewe mnunuzi." Nikauliza, "Kilo yako naipimaje?" Nilipouliza nilikuwa sijui, na nadhani walitambua kwamba sijui. Walitazamana. Mmoja akasema kwa mikono, mwingine akasema mnunuzi wa kweli ana mizani. Wakaondoka wote kwenda kutafuta mizani na kuniacha peke yangu shambani.

Walirudi na kijiti na vifuu viwili. Kuvifunga vifuu kuliwachukua asubuhi nzima, na nilikaza moyo nisiwafungie, kwa kuwa kila walipofunga mahali pasipo sawa kijiti kililala upande mmoja hata vifuu vikiwa vitupu. Mvulana yule yule aliyekuwa maji ndiye aliyegundua kwamba uzi wa katikati ukisogezwa kidogo kijiti hunyooka. Alipokipata hakupiga kelele. Alikishika tu kikining'inia, akakitazama, akakisogeza tena makusudi kilale, kisha akakirudisha. Alifanya hivyo mara nne. Nilipomwona akifanya mara ya tatu nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nimsifu, nikaufunga. Kisha wakapima: mchanga kiganja kimoja upande huu, majani rundo zima upande wa pili, na rundo likapanda juu. Ulizuka ubishi mkali, kwani mmoja wao alishikilia kwamba kilicho kikubwa lazima kiwe kizito na kwamba mizani imeharibika. Waliyapima majani mabichi yaliyolowa, na kesho yake wakayapima yale yale yakiwa makavu, wakaona yamepungua. Hilo kila mkulima wa mwani analijua, maana mwani huuzwa mkavu, na gunia lililomchosha mtu kulitoa majini huwa jepesi baada ya kuanikwa. Mtoto mmoja akasema, "Ndiyo maana mama hununa." Hakuna aliyelifundisha somo lile, na kama ningelipanga mimi ningelianza na mizani iliyokwisha kufungwa, nikawanyima sehemu kubwa ya walichokipata.

Kuhusu vifaa ninalo la kusema, kwa kuwa walimu wengi huniambia hawawezi kufanya haya kwa sababu hawana fedha. Siku moja tuliletewa sanduku la vitu vya plastiki vya kuchezea, nasi tulivipokea kwa shukurani. Ndani yake mlikuwa na simu nzuri nyekundu. Ilipiganiwa siku mbili, na baada ya hapo ikabaki simu tu, mpaka ikatupwa chini ya kapu. Kifuu, kwa upande wake, kimekuwa kikombe, kofia, kasa, mizani, taa, na siku moja kilikuwa mtoto mchanga aliyelazwa na kufunikwa kitambaa. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi, aliliona jambo hili mapema katika miaka ya 1930: kijiti kinapokuwa farasi, mtoto anajifunza kuitenga maana na kitu kinachoonekana. Mimi huliona kila jani linapogeuka noti ya shilingi elfu kumi na watu watatu wakakubaliana juu ya thamani yake. Mtoto aliyezoea jani kuwa fedha hatashangaa alama ya wino ikiwa sauti ya "ma". Kwa hiyo naokota vifuu, makombe, kokwa za embe zilizokaushwa, vizibo vikubwa, vibanzi vya mbao vilivyopigwa msasa na kamba za kila aina, na navibadilisha kila wiki chache ili kona isichakae. Kokwa ndogo na kamba ndefu nazitoa tu ninapokuwepo karibu, kwa sababu ya koo na shingo za watoto, na katika hilo sina mzaha.

Wazee ndio wanaohitaji subira zaidi. Bibi wa mmoja wa watoto hawa alikuja skuli akanikabili kwa upole lakini kwa uwazi: "Mwanangu, sisi tumemleta asome. Kucheza anacheza kwetu." Nilimwitikia, "Ni kweli, Bibi, nawe una haki ya kuuliza." Sikumsomea kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambacho kinamhakikishia kila mtoto haki ya kucheza, wala sikumtajia Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006. Hayo nawaachia wakubwa wa ofisini. Nilimwomba anipe asubuhi moja akae nasi. Alikuja siku ya Jumatano akakaa kwenye kigoda karibu na shamba, na kwa muda mrefu hakusema lolote. Halafu akamwinamia mjukuu wake na kuuliza taratibu, "Nami naweza kufunga?" Akapewa jani. Alipokwisha kufunga, mjukuu alilitazama fundo lake, akalitazama la bibi, akalifungua lake. Bibi akafunga la pili polepole zaidi, vidole vikiwa wazi ili vionekane, bila ya kusema "fanya hivi". Miaka mingi ya kufunga mwani majini ilikuwa katika vidole vile, tangu kilimo hiki kilipoanza kwa biashara Unguja mwaka 1989, na mimi mwenye cheti cha ualimu nilikaa nikijifunza namna ya kufundisha kutoka kwake. Alibisha hodi, akapokewa, akaonyesha, akanyamaza.

Kabla hajaondoka ilitokea kwamba magunia mawili yalichanganyika, na wenyewe wakagombana. Mvulana mmoja akaja kuniomba nimwandikie jina lake kwenye gunia. Nikamuuliza jina lake linaanza na sauti gani. Tuliitafuta pamoja, nikamwandikia herufi moja mchangani, naye akaichora kwa mkaa kwenye gunia, kubwa na iliyopinda kidogo, kisha akasimama mbele yake kama mlinzi. Bibi aliniangalia akasema, "Basi huku ndiko kusoma kwenyewe?" Nikamwambia ndiko, ila kumepita njia ya gunia. Sidai kwamba alishawishika kwa yote. Alitaka mjukuu wake arudi na daftari lenye maandishi, na sasa kila Alhamisi nampa karatasi aliyoichora mjukuu mwenyewe, na nyuma yake ninaandika kwa ufupi alichokuwa akikifanya alipoichora. Wazee wengine waliposikia wakataka nao, na kazi hiyo hunichukua alasiri nzima, lakini tangu nilipoianza malalamiko yamepungua sana.

Yapo ambayo mtoto hayaongozi. Kunawa mikono, kuvuka barabara, kumwomba radhi mwenziwe aliyemuumiza, hayo nayafundisha waziwazi na nayarudia. Pia mchezo wenyewe una dhuluma zake ambazo mwalimu akikaa kimya anazikubali: mtoto mwenye sauti kubwa huwa mama kila siku na mnyonge huwa punda kila siku, wasichana hufukuzwa kwenye kona ya ujenzi, na mtoto mwenye ulemavu wa mguu huambiwa akae alinde viatu. Hapo sipigi hodi ya kungoja. Hata hivyo nimeona kwamba kuongeza jambo ndani ya mchezo hufaa kuliko kuuvunja. Mtoto aliyewekwa kulinda viatu nilimpa daftari na penseli, nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba bila ya karani mnunuzi hatalipa. Kwa wiki mbili zilizofuata ukarani ulipiganiwa.

Ugumu wa kweli ni idadi. Mwalimu mwenye watoto 45 katika chumba kimoja hawezi kuutazama kila mchezo, na yeyote anayemwambia aweze anamwonea. Mimi huchagua watoto watano kwa siku, naandika majina yao kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu, na hao ndio ninaowatazama kwa makini, kila mmoja dakika chache, nikaandika neno moja au mawili juu ya alichokitenda. Kwa wiki mbili huwa nimewazunguka karibu wote. Saa ya mchezo huru nayo naitunza isikatwe, angalau dakika 45 zisizo na kengele, kwani dakika 15 za mwanzo huishia katika kutafuta kamba na kugawana majina ya nani ni nani, na mchezo wenyewe huanza hapo ambapo ratiba nyingi huumaliza.

Jana bamvua lilikuwa limefika tena na nusu ya darasa walikuwa wamechelewa kwa kuwasindikiza mama zao pwani. Shamba chini ya mkungu sasa lina kamba nne, ya mwisho imefungwa kwenye shina lenyewe. Nilikaribia nikakaa pale ninapokaa siku zote, nikapiga hodi. Mvulana yule alikuwa amesimama na khanga ameitandaza kwa mikono yote miwili juu ya vicha, akiitikisa polepole kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na wenzake wawili wamelala kifudifudi mchangani wakichungulia chini yake kuona kama mafundo yanashika.

"Ngoja kwanza, Mwalimu," aliniambia bila kugeuka. "Maji hayajatoka."

Nikangoja.